Aliyejifanya Wewe

Mtaa wa Vengere,
Rusape.
Julai 9.

Mpendwa Kaka Tongai,

Mmelalaje huko Luton? Sisi huku tumelala salama, ikiwa nanyi mmelala salama. Wifi Netsai hajambo? Ruvarashe na mdogo wake wanaendeleaje na shule? Baridi ya mwaka huu imetukaba koo. Asubuhi nyasi za uwanjani zinakuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na maji ya bomba hayashikiki. Mama hajambo, ila goti. Mimi pia sijambo, ijapokuwa hujaniuliza.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Barua hii imebebwa na Shylet, binti wa jirani yetu Mama Chipo, anayekuja huko kufanya kazi ya kutunza wazee. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe, akutazame uso kwanza, na asimpe mtu mwingine hata ajieleze vipi. Baada ya yaliyotupata mwaka huu, siamini tena jina lako likitokea kwenye simu. Keti basi nikueleze, na usiinuke kwenda kutafuta chai mpaka nimalize.

Tangu Februari mama alikuwa na mwana aliyemwamkia kila asubuhi. Jina lilikuwa lako. Picha ilikuwa yako, ile uliyosimama kwenye theluji na koti la kijivu. Alianza kwa kumwandikia fesibuku kwamba amebadilisha namba, kisha wakahamia wasapu. Jua halijatoka, simu inalia chini ya mto wa mama: "Umeamkaje, Mama? Goti limelalaje?" Goti limelalaje! Mimi ndiye ninayelikanda goti hilo kwa maji ya moto na chumvi, na haijawahi kunijia akilini kulijulia hali. Mama anavaa miwani, anasoma polepole kwa sauti, halafu ananiita, "Sarudzai, amka umsikie kaka yako." Hata mate sijatema, nimsikie kaka yangu.

Mwanzoni sikushuku lolote. Niliona wivu tu. Acha nilitaje mapema neno hili lisinikwame: nilikuonea wivu, kama nilivyokuonea tangu tukiwa watoto. Wewe ndiye uliyempa mama jina. Mtaa mzima unamwita Mama Tongai, na mimi niliyerudi kwake baada ya ndoa yangu kuvunjika, ninayempikia na kumfulia, hakuna aliyewahi kumwita Mama Sarudzai hata kwa kukosea. Kuku akichinjwa, firigisi inawekwa kwenye friza kukungoja wewe. Umeme ukikatika, mama anazifunika blanketi. Firigisi za miaka na miaka, kaka, ngumu kama kokoto, na nikiomba moja naambiwa, "Acha, hiyo ina mwenyewe." Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mama yetu asiyekuwepo ndiye mwenye lake.

Chumba chako ndiyo usiseme. Kitanda kimetandikwa, pazia linafuliwa, mlango umefungwa, na ufunguo mama anauvaa shingoni. Mimi nalala kwenye kochi la sebuleni tangu nirudi, na miguu inaning'inia nje.

Basi huyo Tongai wa asubuhi akazidi kunoga. Aliuliza mama amekula nini. Aliuliza kama mahindi yamekauka. Siku ya kumbukumbu ya baba alituma sala ndefu, na mama akaipeleka kanisani ikasomwa mbele ya akina mama wa Alhamisi, wale wa blauzi nyekundu. Wote wakafuta machozi. Mama Chipo akanigusa na kiwiko: "Kaka yako anajua kupenda, jamani. Mbona wewe umenuna?" Nikamwambia jino linaniuma.

Kilichonizindua ni sifa za ukoo. Siku moja mwezi wa Mei mama alimtumia picha ya karanga alizovuna, na yeye akamshukuru kama watu wanavyoshukuriwa kwetu, kwa kumsifu kwa ukoo wake wa Moyo. Akaanza na Chirandu, jina la heshima la watu wa Moyo, akashuka kwa mababu mmoja mmoja, milima waliyokaa, mito waliyovuka, bila kuruka hata mmoja. Mama alilia. "Uingereza haijamharibu mwanangu!" Mimi nikaweka ufagio chini. Wewe, kaka? Wewe ambaye siku ya harusi yako ulitakiwa kumsifu mama mistari miwili tu, ukasema "Asante, Moyo... eee... Moyo," ukaanza kukohoa mpaka Mjomba Jairosi akakuokoa? Sisi ni watu wa Shumba, ukoo wa baba, na sifa za upande wa mama tunaziokoteza tu. Huyu alizitamka kama mtu aliyezinyonya.

"Mama, huyu si Tongai," nikasema.

"Umeanza."

"Anakusifu vizuri mno."

"Kwa hiyo mwanangu akinisifu vizuri si mwanangu tena? Wivu huo, Sarudzai. Utakutoa vidonda vya tumbo."

Nikarudi kwenye ufagio wangu, maana wivu kweli ulikuwepo.

Lakini haikuishia hapo. Tongai wa simu akasema ametutumia sanduku kubwa, blanketi, viatu, dawa za goti, na kwamba sanduku limekwama mpakani Beitbridge mpaka lilipiwe ushuru, naye kwa sasa mshahara umechelewa. Mama hakuniuliza. Alimpigia Mjomba Jairosi kijijini, akamwambia atafute mnunuzi wa ng'ombe wake. Na mama ana ng'ombe mmoja tu. Ng'ombe wa umama!

Kaka, ng'ombe yule aliingia kwetu kwa ndoa yangu. Mume wangu alinikosea mengi, lakini yule ng'ombe alimtoa, mzima na mwenye mimba, kumshukuru mama kwa kunizaa na kunilea. Ndicho kitu pekee chini ya jua ambacho mama amekipata kwa sababu yangu na si kwa sababu yako. Hauzwi ovyo ng'ombe wa namna hiyo, hata wewe unajua. Na sasa auzwe akomboe sanduku lako la blanketi! Ilibidi nikae kwenye ndoo.

Wakati huo redio ilikuwa haiishi kutangaza kwamba serikali imeanza kuwasaka matapeli wa mitandaoni, na akaunti bandia zote zitafungwa. Maafisa walikuwa wanazunguka mji kwa mji pamoja na polisi. Zamu yetu ikafika, wakapanga meza zao kwenye ukumbi wa mtaa. Nilingoja mama aingie kuoga, nikachukua simu yake, nikaenda mbio nikiwa bado na aproni.

Foleni ilizunguka ukumbi. Mbele yangu alikuwepo mzee aliyekuwa amechumbia nesi wa Kanada, na yule nesi amegundulika ni mwanamume mwenye ndevu wa Chitungwiza. Mzee alikuwa anauliza kama anaweza kurudishiwa barua zake za mapenzi tu, mengine wabaki nayo. Nyuma yangu mchungaji mmoja alilalamika kwamba mtandaoni wapo wachungaji watatu wenye jina lake na sura yake, na wote wanapata sadaka kuliko yeye. Watu walicheka, lakini kicheko cha aibu, maana kila mtu pale alikuwa ameliwa au anakaribia kuliwa.

Nilihudumiwa na afisa kijana, Bi. Gwatidzo.

"Una ushahidi gani kwamba huyu si kaka yako, mama?"

"Anampenda mama kupita kiasi."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mchungaji akasema, "Dada, huo si ushahidi, hiyo ni amri ya tano."

"Anajua goti lake linavyolala," nikasema. "Kaka yangu hajui hata kama mama ana magoti."

Bi. Gwatidzo hakucheka tena. Alisoma jumbe zile kwa muda, akaniomba namba yako ya kweli, akapiga. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena. Usiniambie ulikuwa kazini. Akaniuliza mara ya mwisho ulizungumza na mama lini, nikasema Krismasi. Sikumwambia Krismasi ipi. Nilikufichia aibu yako mbele ya mchungaji na mchumba wa nesi, na wala sijui kwa nini.

Akaunti ikafungwa. Kesho yake asubuhi simu haikulia. Nilimkuta mama ameketi kitandani na miwani usoni, simu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Nilikuwa nimeshapiga simu kijijini kumzuia Mjomba Jairosi, ng'ombe wangu yuko salama, na yule malaika wao amegeuka tapeli. Nikamweleza mama yote, na nilieleza kwa raha, Mungu anisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Tongai hakuwahi kuniuliza habari ya goti?"

"Hapana, Mama."

Akavua miwani, akageukia ukutani. Chai yangu hakuitaka siku hiyo wala iliyofuata, na uwanja haukufagiwa.

Haukupita muda, polisi wakaivamia nyumba moja huko Harare. Walikuta vijana wamekaa chini kwa safu, kila mmoja na simu zake, na kila mmoja amegawiwa watu wake wa kuwadanganya. Wakubwa wao walibaki huko kungoja kesi nzito. Aliyekuwa wewe aliletwa hapa Rusape kwa sababu shauri lilifunguliwa hapa, na mama akaitwa kituoni kuzithibitisha zile jumbe. Nikamsindikiza. Nilivaa viatu vya kanisani, kaka, nilitaka nionekane vizuri siku ya ushindi wangu.

Nilitegemea kuona jambazi. Wakatuletea kijana mwembamba, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa, jina lake Kudzanai, mzaliwa wa Gutu. Mama alimtazama. Unadhani alimuuliza kwa nini amefanya vile? Thubutu!

"Wewe ni wa ukoo gani, mwanangu?"

Kijana akainamisha kichwa. "Moyo, Mama. Chirandu."

Nikacheka kwa sauti. "Hata hapa unaiba! Umeiba kaka, sasa unaiba na ukoo!" Sajenti akaniambia nikishindwa kunyamaza nitoke nje. Njiani kurudi mama alikuwa anatembea kwa haraka, goti na yote, na tulipofika akaniamuru nichinje kuku, kesho tumpelekee yule mtoto chakula.

Nilichinja, na nikapika kwa shari. Unajua watu wa Moyo hawagusi moyo wa kiumbe chochote, hata wa kuku. Hapa nyumbani mioyo ya kuku ni yangu, ndiyo nyama pekee ambayo haigombaniwi. Safari hii sikuula. Niliuficha katikati ya vipande vya mgongo, nikaufunika kwa mchuzi wa karanga. Nilijua mwizi mwenye njaa ya mahabusu hachagui. Ataumeza mbele ya mama, na mama atajionea mwenyewe kwamba hata ukoo wake ni bandia.

Tuliruhusiwa kukaa naye kwenye benchi la ukumbini, sajenti akitutazama. Kijana akanawa, akamega ugali wetu wa sadza, akala kwa pupa kama mbwa wa sokoni. Nikawa nahesabu vipande. Akafika penyewe. Akakigeuza kwa kidole, akakitambua, akasita. Halafu akauchukua ule moyo taratibu, akauweka juu ya kifuniko cha bakuli, akajifuta vidole, akaendelea kula. Hakuna aliyemwambia neno.

Mama aliona. Alinitazama mimi kwanza, jicho ambalo sitalisahau, halafu akainama, akakutanisha viganja, akapiga yale makofi ya polepole ya heshima. "Chirandu," akamwita.

Kisha akatoa kwenye mkoba wake kijibakuli ambacho sikukijua. Alikuwa amepika kitu kwa siri nilipokwenda dukani. Firigisi! Firigisi yako, kaka, ya mwaka gani sijui. Kijana aliitafuna kwa muda mrefu sana, na aliimaliza.

"Mama," sajenti akasema, "huyu ni mshitakiwa."

"Najua, afande. Kosa lake ni la serikali. Njaa yake ni yangu." Halafu akanigeukia. "Sarudzai, msalimie mjomba wako."

Loo! Nilitamani sakafu ipasuke. Unajua desturi yetu ilivyo, mwanamume yeyote wa ukoo wa mama, hata awe bado kwenye nepi, kwetu ni mjomba. Mimi mwenye mvi nipige goti kwa kitoto ambacho ningeweza kukizaa, tena kitoto kilichoniibia kaka! Lakini mama alikuwa amesimama, na mama akisimama hivyo unamjua. Nikapiga goti. Nikapiga makofi. Ila mpwa ana haki ya kumtania mjomba wake, na hiyo haki sikuiacha.

"Hujambo, mjomba mwizi?"

Kwa mara ya kwanza akainua macho. "Sijambo, mpwa wangu. Umepika vizuri, ila umenitega vibaya."

Sajenti alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi nilikusanya vyombo vyangu.

Kesi haikuchukua muda. Ng'ombe alikuwa hajauzwa, na kijana alikuwa amekubali kutoa ushahidi dhidi ya wakubwa wake. Hakimu akasema adhabu yake iwe kufagia na kulima viwanja vya hospitali ya hapa mpaka mwakani, mradi awepo mtu mwenye makazi atakayekaa naye na kumdhamini. Asipopatikana, jela. Mama yake yuko Afrika Kusini na hajulikani alipo. Hakimu akauliza nani atamchukua. Mimi nikautazama mkono wa mama na kuuomba ukae chini. Haukukaa.

"Huyu ni nani wako, mama?" hakimu akauliza.

"Ndugu yangu, mheshimiwa. Mchuma janga hula na wa kwao."

"Alitaka kukuibia."

"Ndiyo. Sasa namtaka karibu, ambapo nitamwona."

Watu walipiga makofi, kaka, kama harusini. Mama Chipo alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nafikiria jambo moja tu, atalala wapi.

Tulipofika nyumbani mama akavua ufunguo shingoni. Akafungua chumba chako. Chumba chako! Akavuta pazia, akapiga mto vumbi, akamwonyesha yule kijana kitanda. Nilishindwa kujizuia. Nilipiga kelele majirani wakasimama uani. "Mama! Miaka yote hii nalala kwenye kochi, na chumba kipo! Umenipa nini mimi? Mwizi anakuja leo, anapewa kitanda!"

"Wewe ni wa nyumbani," akasema.

"Basi wa nyumbani hana mgongo?"

Mama akakaa kwenye kitanda chako. Alionekana amechoka. "Chumba hiki nilikuwa namwekea atakayekuja," akasema. "Huyu amekuja." Yule kijana alisimama mlangoni na mfuko wake wa plastiki, akasema atalala jikoni, hana shida. Mama akamwambia anyamaze. Mimi nikaenda kulia nyuma ya tangi la maji. Nililia kwa wivu mtupu, na sioni haya kukuandikia.

Sasa anakaa hapa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe nilimpa mimi mwenyewe, lenye mpini uliolegea. Ameukaza mpini, amelima bustani yote ya mboga, na anarudi hospitali amechoka lakini anachota maji. Nikimuuliza, "Mjomba mwizi, leo umemwibia nani?" ananijibu, "Leo nimeiba jua tu, mpwa, tazama ngozi yangu." Mama anacheka mpaka anashika mbavu. Sikumbuki mara ya mwisho mimi kumchekesha hivyo.

Na asubuhi bado anamwamkia mama, safari hii kupitia ukutani: "Goti limelalaje?" Zamani nilikuwa namwonea wivu kaka wa mbali. Sasa wivu umekuja kuishi nyumbani, unakula mezani na unaomba chumvi. Lakini kuna jambo jingine linalonishangaza. Siku moja niliingia nikamkuta amekaa kwenye kiti chako, kile cha karibu na redio, na mama anamsimulia habari za baba. Nikakasirika, si kwa ajili yangu. Nilikasirika kwa ajili yako. Nilitaka kumwambia ondoka hapo, hicho kina mtu. Sijui ugonjwa huo unaitwaje, kumwonea mtu wivu na papo hapo kumlindia kiti.

Anakutumia ujumbe, huyo mjomba. Anasema ukurasa wako ni kama nyumba isiyo na mlango. Majina ya ndugu zako, tarehe ya kifo cha baba, picha, vyote alivikuta hapo barazani, hakuvunja hata kufuli. Anasema ufunge wasiokujua wasiweze kuona. Nami naongeza langu. Picha zako nimezipitia zote pamoja naye. Wewe na gari, wewe na theluji, wewe na nyama ya kuchoma. Ya mama hakuna hata moja. Kijana alikuwa na aibu kuniambia, lakini aliniambia, kwamba picha ya mama iliyomfanya amjue sura aliipata kwenye ukurasa wa kanisa.

Kaka, nakuandikia ujue kwamba mama hakungoji tena kama zamani. Akichinja kuku siku hizi haweki kitu kwenye friza, tunakula yote siku hiyo hiyo. Ufunguo hauko shingoni. Jina lako halitaji kwa uchungu wala kwa furaha, analitaja kama anavyotaja mvua ya mwaka juzi. Miaka yote nilikuwa naomba siku kama hiyo ije. Imekuja, na siipendi.

Leo asubuhi nilipomwambia naandika barua, nikamuuliza ana neno gani kwako. Alikuwa anachambua maharage. Alifikiri, halafu akaniambia niandike kama alivyosema, nisipunguze:

"Mwambie akipiga asidhani nitapokea tu na kushangilia. Serikali imetufundisha, mtu akisema ni wako, muulize jambo ambalo wa kwako tu ndiye anayelijua. Basi nitamuuliza moja. Siku hizi nikifagia uwanja asubuhi, naimba wimbo gani? Akikosa nakata simu, na hiyo namba naipeleka kwa Bi. Gwatidzo."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakucheka. Aliendelea na maharage yake.

Usibahatishe ule wa zamani wa kanisani, kaka. Ule aliuacha siku tuliyomzika baba, na wewe hukuwepo. Huu ni mwingine. Mjomba anaujua, maana aliuliza, na siku hizi anauitikia akiwa anavaa viatu. Mimi naujua tangu siku ya kwanza aliyouimba, nilikuwa dirishani na hakujua namsikia. Nilishika kalamu nikuandikie hapa walau mstari wa kwanza, usije ukaaibika mbele ya mama yako mzazi. Kisha nimeona hapana. Jina la mama limetoka kwako. Chumba kilikuwa chako. Mimi nina wimbo huo, na sikupi.

Nisalimie sana Wifi Netsai, na Ruvarashe, na mdogo wake ambaye bado sijamwona. Mjomba Jairosi anakusalimu, Mama Chipo pia, na ng'ombe wangu amezaa ndama jike. Mungu wa baba yetu awalinde na baridi na upweke huko mliko, awape kazi isiyowavunja mgongo, na awafungulie njia ya kurudi.

Mama huanza kufagia kabla jua halijatoka. Siku ukiweza kuamka mapema, usimpigie yeye, nipigie mimi. Namba yangu unayo, ingawa hujawahi kuitumia. Usiniamkie, usiniulize hali, usiseme neno lolote. Nitapokea, niiweke simu dirishani, nirudi kulala kwenye kochi langu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye huku nimenuna,

Sarudzai